Kifaa cha Umma Kisihukumiwe Kabla ya Kuchunguzwa

Umezuka mtindo katika ofisi nyingi za umma ambao hauna budi kukemewa kabla haujaota mizizi. Kifaa cha mtandao kinapokataa kufanya kazi, hatua ya kwanza huwa ni kukizima na kukiwasha. Ya pili ni kukilaumu. Ya tatu ni kuandika dokezo sabili la kuomba fedha za kununua kingine. Hatua ya kuuliza kwa nini kimekataa haimo katika orodha hiyo. Matokeo yake ni stoo zinazojaa vifaa vilivyohukumiwa pasipo kusikilizwa, ambavyo baadhi yake havina kosa lolote ila kwamba hapakuwa na mtu wa kuvichunguza.

Mfano ulio wazi ni swichi ya mtandao, yaani kile kisanduku chenye milango mingi ambamo nyaya za kompyuta za ofisi nzima huishia. Swichi nyingi za siku hizi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Hupitisha mawasiliano, na kwa waya ule ule hupeleka umeme kwa vifaa vidogo vilivyoko mbali: kamera ya ulinzi iliyoko getini, simu iliyoko mezani kwa karani, kisambazaji cha waifai kilichotundikwa darini. Faida yake ni kubwa, hasa katika majengo ya zamani, kwani haihitajiki soketi ya umeme kila penye kifaa. Lakini faida hiyo ina sharti lake. Umeme wa waya huo ukikatika, mawasiliano nayo yamekatika. Zahanati inayoandikisha wagonjwa kwa mfumo wa GoTHOMIS kupitia waifai hurudi kwenye daftari na kalamu, huku foleni ikirefuka.

Katika mkoa wa Mwanza jambo hili si dogo. Ofisi iliyoko Kirumba au Capri Point inaweza kumpata fundi siku hiyo hiyo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, hata Sengerema imekuwa karibu. Lakini shule au kituo cha afya kilichoko kisiwani Ukara bado kinamngoja fundi avuke maji, na nauli yake, posho yake na siku zake vyote hulipwa na umma. Fundi huyo akifika na kukuta kwamba mlango wa swichi ulikuwa umezimwa tu katika mipangilio, umma umelipia safari nzima kwa kazi ya dakika tano. Kwa hiyo swali la nani ajue kuichunguza swichi si swali la mafundi peke yao. Ni swali la utawala.

SWICHI HUULIZA KWANZA

Kanuni za kupeleka umeme kwa waya wa mtandao ziliwekwa na taasisi ya wahandisi ya IEEE. Ya kwanza, ya mwaka 2003, iliruhusu mlango mmoja kutoa hadi wati 15.4; ya mwaka 2009 ikapandisha kiwango hadi wati 30; na ile ya mwaka 2018 ikafikia wati 90. Katika zote tatu umo utaratibu mmoja wa busara. Swichi haitoi umeme ovyo. Kwanza hupeleka volti chache sana na kupima kama upande wa pili kuna ukinzani wa takriban kiloomu 25, ambao ndio alama ya kifaa kinachostahili kupewa. Ikiiona alama hiyo, huweza kupima tena ili kujua kifaa kimo katika daraja gani la matumizi. Ndipo hufungulia umeme kamili, ambao huwa kati ya volti 44 na 57. Isipoiona alama, hukaa kimya.

Ukimya huo ndio unaowapotosha wengi. Vipo vifaa vya bei nafuu, hasa vile vya kupokea intaneti kutoka mnarani, ambavyo hutumia volti 24 zinazosukumwa moja kwa moja na adapta yake bila ya kuulizana. Kifaa cha namna hiyo kikichomekwa katika swichi inayofuata kanuni, swichi haitakipa kitu. Hiyo si hitilafu bali ni kinga, kwani volti zaidi ya 44 zingeweza kukiunguza. Mtumishi anayesoma kibandiko kilichoko mgongoni mwa kifaa kabla ya kukichomeka amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi.

HESABU YA WAYA

Baada ya kifaa chenyewe, mtuhumiwa wa pili ni waya. Kanuni ya mwaka 2003 inasema kwamba mlango ukitoa wati 15.4, kifaa kilichoko mwisho wa waya wa mita 100 kihakikishiwe wati 12.95. Zile wati 2.45 zimekwenda wapi? Mwalimu wa fizikia anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake ubaoni. Mkondo ni ampea 0.35, na ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, unakadiriwa kuwa omu 20. Mkondo ukizidishwa kwa mkondo, kisha kwa ukinzani, jibu ni wati 2.45 kamili. Umeme huo umegeuka joto njiani.

Hapo ndipo ubahili wa manunuzi unapojionyesha. Madukani huuzwa nyaya za mtandao ambazo kwa nje zinafanana na za shaba, lakini ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Bei yake ni ndogo, na kwa kupitisha mawasiliano peke yake huenda zikaonekana kufaa. Lakini alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba. Ukinzani ukizidi kwa nusu tu, ukawa omu 30 badala ya 20, kwa mkondo ule ule wati zinazopotea hufikia karibu 3.7, na kinachofika mwisho wa safari ni chini ya wati 12. Kamera itawaka mchana na kuzimika usiku inapowasha taa zake, na swichi itabebeshwa lawama ya waya. Rahisi, walisema wahenga, huvunja upishi.

BAJETI YA WATI

Mtuhumiwa wa tatu anafahamika vizuri zaidi kwa wahasibu kuliko kwa mafundi. Swichi yenye milango minane inayotoa umeme mara nyingi haina umeme wa kuitosheleza milango yote minane kwa kiwango cha juu. Chukua mfano wa Zyxel GS1900-8HP, ambayo fungu lake lote la umeme kwa ajili ya vifaa ni wati 70. Vifaa vinane vikidai kila kimoja wati 15.4, jumla ni wati 123.2. Vinne vitapata, maana 61.6 zimo ndani ya fungu. Cha tano kitakosa. Vikidai wati 30 kila kimoja, ni viwili tu vitakavyopata.

Kwa hiyo ofisi inapoongeza kamera ya tano na kuiona haiwaki, haina sababu ya kuamini kwamba mlango wa tano umekufa. Kilichokwisha ni fungu. Dawa yake ni ile ile inayotumika katika bajeti yoyote ya halmashauri: kuorodhesha matumizi, kupanga lipi litangulie, na kuondoa lisilo la lazima. Kisambazaji cha waifai cha chumba cha wagonjwa kinatangulia. Kamera ya bustani inangoja. Swichi zenye kusimamiwa huruhusu kipaumbele hicho kiandikwe kwa kila mlango.

PROGRAMU HURIA

Hadi hapa maelezo ni ya swichi yoyote. Liko jambo jingine linalozihusu swichi ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa na kuwekwa programu huria, yaani ile ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Iliyo mashuhuri zaidi ni OpenWrt, iliyoanza mwaka 2004 kutokana na maandishi ya programu ya kifaa cha Linksys WRT54G, ambayo kampuni ililazimika kuyatoa hadharani mwaka 2003 kwa masharti ya leseni ya programu huria iliyokuwa imeitumia. Kwa miaka mingi ilikuwa ni ya ruta. Toleo la 21.02, lililotoka mwaka 2021, lilianza kuzihudumia pia swichi za bei ya wastani zenye chipu za Realtek, na ile iliyotajwa hapo juu ni mojawapo.

Sababu ya taasisi maskini kuipenda programu hiyo inaeleweka. Mtengenezaji huacha kutoa marekebisho ya usalama kwa kifaa cha zamani wakati kifaa chenyewe bado kizima. Programu huria hukiongezea umri. Kwa shule ya sekondari ya Magu au Misungwi, swichi iliyokwisha tumika miaka saba na bado inafaa ni mali, si taka.

Lakini kuna mtego, na ni lazima usemwe wazi. Katika swichi hizo, umeme wa milango hausimamiwi na chipu inayopitisha mawasiliano. Unasimamiwa na chombo kingine kidogo kilichomo ndani, ambacho hupokea amri kwa lugha yake maalumu. Programu ya kiwandani inaijua lugha hiyo. Watengenezaji wa programu huria, ambao wengi wao hujitolea, iliwabidi wajifunze lugha hiyo wenyewe ndipo wakaandika programu ndogo iitwayo realtek-poe kwa kazi hiyo. Pale programu ndogo hiyo isipokuwepo, au ikiwa mipangilio yake hailingani na swichi yenyewe, hutokea jambo la ajabu: taa za mawasiliano zinawaka, kompyuta zinaongea, lakini hakuna kamera wala simu inayopata umeme.

Asiyejua atatoa moja ya hukumu mbili. Ama atasema swichi imekufa, ama atasema programu huria ni kitu cha bure kisicho na thamani. Hukumu zote mbili si za haki. Swichi ni nzima na programu ni nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma.

MANENO MANNE

Kusoma kwenyewe si kugumu. Programu hiyo, inapoulizwa kwa amri moja fupi, hutaja hali ya kila mlango. Hali zilizo muhimu kuzifahamu ni nne, ambazo kwa Kiswahili ni sawa na kusema: umezimwa, unatafuta, unatoa umeme, una hitilafu. Mtumishi anayeyaelewa maneno manne hayo ana ramani ya uchunguzi mzima mkononi mwake.

Mlango uliozimwa unahitaji kuwashwa katika mipangilio, basi. Na hapa kuna tahadhari: katika baadhi ya swichi, hesabu ya milango kwa chombo kile cha umeme imekwenda kinyume na namba zilizochapishwa usoni, hata mlango wa kwanza ukawa wa nane. Faili la mipangilio ndilo linalooanisha hesabu hizo mbili, na likikosewa, mtu atawasha mlango mmoja na umeme utoke kwingine.

Mlango unaotafuta, hali kifaa kimechomekwa, unasema haujaiona alama ya kiloomu 25. Kosa halimo katika swichi wala katika programu. Limo katika waya, katika kichwa cha waya kilichoshika kutu kwa unyevu, au katika kifaa kisichofuata kanuni. Mlango unaotoa umeme, hali kifaa kimekaa kimya, unaelekeza macho kwenye kifaa chenyewe au kwenye zile jozi za waya zinazobeba mawasiliano. Na mlango wenye hitilafu umekuta nyaya zimegusana, au umedaiwa zaidi ya kiwango, au umeumia.

Kila hatua ibadilishwe kitu kimoja tu. Waya ule ule, mlango mwingine. Mlango ule ule, waya mwingine. Kisha kifaa kinachojulikana kuwa ni kizima. Mwenye kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja anaweza kubahatika kuona kifaa kinawaka, lakini hatajua nini kilichokiponya, na wiki ijayo atarudi pale pale alipoanzia.

Liko pia jambo la uaminifu. Katika mipangilio hiyo huandikwa fungu la wati ambalo swichi inaruhusiwa kutoa. Mtu aweza kuandika namba kubwa kuliko uwezo wa chombo cha umeme kilichomo ndani ili vifaa vyake vyote viwake. Namba hiyo haiongezi hata wati moja. Inachofanya ni kuiondoa breki, na siku vifaa vyote vitakapodai kwa pamoja, swichi nzima itazimika. Bajeti iliyopambwa kwenye karatasi haijawahi kumlisha mtu.

RADI NA MAWE

Ukanda wa Ziwa una tabu yake ya pekee. Wataalamu wa hali ya hewa hulihesabu eneo la Ziwa Victoria miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na ngurumo za juu ya maji huja zaidi usiku na alfajiri. Waya wa shaba uliovutwa kutoka jengo la utawala hadi maabara, au kutoka ofisini hadi kwenye kamera ya getini, huupokea mshtuko wa radi iliyopiga hata mbali kidogo na kuuingiza ndani ya swichi. Asubuhi watumishi hukuta mlango mmoja umekufa na mingine inafanya kazi.

Kinga ya kawaida ni kuupeleka mshtuko huo ardhini kwa waya na fimbo ya shaba. Lakini Mwanza ni mji wa mawe. Kilima cha Bugando na vilima vingi vya mji huo ni matale, na fimbo iliyogota mwambani baada ya nusu mita haina kinga yoyote ya kutoa. Palipo na mwamba hapana budi kutafutwa mahali penye udongo wenye unyevu, fimbo ziongezwe, na kazi hiyo ipimwe kwa chombo badala ya kukisiwa kwa macho. Kati ya jengo na jengo ni bora kutumia waya wa fiba, ambao hupitisha mwanga badala ya umeme na kwa hiyo hauleti radi ndani. Vifaa vya upande wa pili vitahitaji umeme wa hapo hapo, lakini gharama hiyo hulipwa mara moja. Ya radi hulipwa kila masika.

HOJA YA WANAOPINGA

Wapo watakaosema kwamba mwalimu na karani si mafundi, na kwamba ni afadhali kununua kifaa chenye dhamana ya kiwanda na kuacha mambo ya programu huria kwa wenye muda. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Ni kweli kwamba kubadili programu ya ndani kunaweza kuiondoa dhamana. Ni kweli kwamba si kila swichi inahudumiwa na programu huria, na kwamba hata zinazohudumiwa hazilingani. Ni kweli tena kwamba mtumishi asiguse kifaa cha hospitali chenye kazi, wala kubadili programu yake, pasipo idhini ya maandishi na pasipo kwanza kuhifadhi nakala ya programu ya kiwandani ya kurudia.

Lakini dhamana nayo ina mwisho wake, na baada ya mwisho huo kifaa hubaki mikononi mwa yule yule karani na yule yule mwalimu. Ukanda huu, tena, si mgeni kwa jambo hili. Mradi wa ICT4RD, uliofanyiwa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti mkoani Mara na kuishirikisha Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam pamoja na chuo cha KTH cha Stockholm, ulijenga mtandao wa vijijini kwa kutumia programu huria. Miongoni mwa mambo ambayo watafiti wake waliyachunguza na kuyaandikia ni umeme: namna ya kuviendesha vyombo vya mtandao mahali ambapo umeme haupo au haukai. Walioyafanya hayo hawakungoja hali iwe nzuri kwanza. Waliipima hali ilivyo, wakajenga kwa kufuata vipimo.

Hoja, basi, si kwamba kila ofisi ikimbilie kubadilisha programu za vifaa vyake. Programu iliyo wazi mikononi mwa asiyeisoma haina tofauti na iliyofungwa, na swichi ya kiwandani mikononi mwa anayechunguza itadumu kuliko ya huria mikononi mwa anayebahatisha. Uwazi ni mlango tu. Anayefaidi ni yule anayeingia.

LA KUFANYA

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa taasisi yoyote hata kabla ya fungu jipya kupatikana. La kwanza ni daftari. Kila swichi iwe na ukurasa wake unaoonyesha kila mlango unalisha kifaa gani, kwa waya wa mita ngapi, kwa wati ngapi. Na kila hitilafu iandikwe tarehe yake, hali iliyoonekana na dawa iliyoponya. Afisa TEHAMA akihamishwa kwenda mkoa mwingine, maarifa yasihamishwe pamoja naye.

La pili ni manunuzi. Anayeagiza swichi aandike jumla ya wati anazohitaji, wala asiishie kuhesabu milango. Anayeagiza waya aandike kwamba ni wa shaba tupu, na anayepokea mzigo akwangue ncha moja aone rangi ya ndani kabla ya kutia saini.

La tatu ni mafunzo. Shule yenye swichi iliyostaafishwa ina maabara ambayo haijatumika. Hapo ndipo mahali pa kujaribia programu huria, kuunguza muda badala ya vifaa vya hospitali, na kuwafundisha vijana kwamba ile kanuni ya ukinzani waliyoikariri kwa ajili ya mtihani ndiyo inayoamua kama kamera ya getini itawaka. Mwanafunzi wa Ukerewe aliyejifunza maneno manne ya swichi hatangoja kivuko kimletee fundi.

Dokezo la kuomba kifaa kipya lina nafasi yake. Lakini mkuu wa idara anayeletewa dokezo hilo ana haki, na kwa kweli ana wajibu, wa kuuliza kwanza: mlango unasema umezimwa, unatafuta, unatoa umeme, au una hitilafu? Aliyeliandika akikosa jibu, dokezo lirudishwe hadi jibu lipatikane.